Sharifu Wetu Husema Mahari

Karatasi ilikuwa imechapwa kwa kompyuta, imepangwa vizuri, na mstari wa tatu ulisema hivi: "Sharifu: Kiswahili safi. Jambazi: lafudhi ya Kigali." Kando ya neno Sharifu, mtayarishaji wa kipindi alikuwa amejiandika yeye mwenyewe. Kando ya neno jambazi kulikuwa na jina la mume wangu.

Nilisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani macho yamenidanganya, maana yamechoka kwa kutunga uzi kwenye sindano miaka yote hii. Mara ya pili hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Tulikuwa tumekaa kwenye korido ya nyumba moja huko Kagugu, nyumba ya kuishi iliyogeuzwa studio ya redio, magodoro yamepigiliwa ukutani ili kelele za ujenzi wa jirani zisipenye. Mume wangu alikuwa kando yangu, amevaa suti aliyojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Yeye hasomi haraka. Mimi ndiye ninayesoma haraka, kwa hiyo mimi ndiye niliyekasirika kwanza.

Nitaeleza tulifikaje hapo, kwa sababu habari hii imezunguka mtaa wetu wa Sonatubes mzima na kila anayeisimulia anatia chumvi yake. Kama ni chumvi, nitatia mwenyewe, na anayechukia achukie.

Mimi na mume wangu ni mafundi cherehani. Duka letu liko Sonatubes, nyuma ya kituo cha pikipiki, mahali ambapo honi hazinyamazi tangu asubuhi. Tunashona ovaroli za wafanyakazi wa viwanda vya Masoro, sare za shule, na suti za watu wanaooa mwezi wa nane. Si duka kubwa. Tuna cherehani nne, meza ya kukatia, pasi, na kioo chenye ufa ambacho wateja hujitazama nusu nusu.

Miaka mingi iliyopita tulipata mteja mmoja, mtu wa ofisini, Mnyarwanda aliyekulia Uganda. Aliporudi nyumbani alirudi na Kiingereza na kaseti kumi na mbili. Ndani ya zile kaseti kulikuwa na michezo ya redio ya zamani, ya Kimarekani, ya enzi za makauboi: wapanda farasi, majambazi wa jangwani, miji ya mbao yenye barabara moja, na mkuu wa usalama mwenye nyota kifuani. Picha hakuna. Sauti tu: kwato, upepo, mlango unaolia, mtu anasema maneno matatu, kisha bunduki. Yule bwana alikuwa anakuja kila Alhamisi kupunguziwa suruali ambazo, mimi fundi nakuambia, hazikuhitaji kupunguzwa. Anaweka kaseti, anasikiliza kidogo, anaizima, anatutafsiria kwa Kiswahili chake cha Kampala, anaiwasha tena. Kazi inasimama. Mimi nilikuwa mtu wa kunung'unika kwamba ovaroli za watu zinachelewa, na nilikuwa mtu wa kwanza kusogeza kigoda.

Alipopata kazi nchi ya mbali alituachia kaseti zote. Redio yetu ikazitafuna utepe, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha. Haikutuuma sana. Mume wangu alikuwa ameshazishika zote kichwani.

Hapo ndipo hadithi zilipokuwa zetu. Mume wangu hajawahi kuona jangwa. Ni mtu wa milima. Ukimwambia kuna nchi tambarare ya mwendo wa siku tatu kwa farasi, anakutazama kwa huruma. Kwa hiyo jangwa lake lina vilima. Farasi anapanda, anashuka, anapanda tena, na jambazi siku zote yuko ng'ambo ya bonde, unamwona kabisa lakini kumfikia ni kazi ya nusu siku. Halafu kwenye kaseti wale watu walikuwa wanapigana risasi bila hata salamu. Hilo mume wangu alilikataa katakata. Katika hadithi yake Sharifu na jambazi wanakutana katikati ya barabara, kila mmoja mkono uko kiunoni, na wanaulizana kwanza habari za nyumbani, za mama, za ng'ombe, na kama mvua imenyesha upande ule. Ndipo wapigane. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi Sharifu anauita mji mzima kwenye umuganda, kutengeneza daraja, na jambazi naye anatokea na koleo lake begani, maana kazi ya wote haikwepeki. Siku hiyo hakamatwi mtu.

Sasa hilo neno Sharifu. Kwenye kaseti walikuwa wanataja cheo cha yule mkuu wa usalama, kwa Kiingereza, sheriff, na mume wangu akasikia Sharifu. Sisi ni Waislamu. Kwetu sharifu ni mtu wa ukoo wa Mtume. Basi yeye akachukulia kwamba huko Marekani, enzi hizo, kila mji ulikuwa na sharifu wake, mtu wa nasaba, asiyeonja pombe, anayetia udhu kabla ya kupanda farasi. Mteja wetu alipokuja kutuambia, huku anafuta machozi ya kicheko, kwamba yule ni askari tu aliyepigiwa kura na wenyeji, tulikuwa tumeshachelewa. Sharifu alikuwa ameshahamia dukani. Alikuwa anaingia kwenye baa na kuagiza chai. Ijumaa hakukoki bunduki mpaka watu watoke msikitini. Hata wateja wetu Wakristo wamemzoea hivyo hivyo, wanapita mlangoni wanauliza, "Vipi, Sharifu ameshaswali?"

Na mafundi wenzetu wawili ndio waliokuwa sauti. Cherehani ya miguu ndiyo farasi: ukikanyaga polepole anatembea, ukikanyaga kwa nguvu anakimbia. Mkasi ukifunguka karibu na sikio, hiyo ni bunduki inakokiwa. Ukipasua kitambaa cha marekani, mlango wa jela umeng'oka. Babu yangu aliingia nchi hii akitokea pwani na mzigo wa hicho hicho kitambaa cha marekani, kwa hiyo msije mkaniambia mambo ya Marekani hayatuhusu.

Mimi ndiye niliyeziandika. Hakuna aliyenituma. Watoto wetu walipomaliza shule waliacha madaftari yenye kurasa tupu, na mimi sipendi kitu kipotee. Kati ya mteja na mteja nilikuwa naandika alivyosema mume wangu, nikinyoosha kidogo hapa na pale, nikimwongezea mwanamke mmoja mwenye duka la nguo ambaye ndiye anayejua kila kitu katika mji ule. Huyo mwanamke msiniulize ni nani.

Ndipo akaja kijana, mtayarishaji wa redio moja ndogo, kurekebishiwa koti. Amezaliwa Tanzania, amesoma huko, wazazi wake wamerudi naye akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake hakikwami popote. Alimkuta mume wangu katikati ya hadithi, akasimama mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje mpaka mwisho. Akasema redio yao inatafuta vipindi vya Kiswahili, kwa kuwa siku hizi Kiswahili ni lugha rasmi na mchezo wa redio hakuna hata mmoja. Akamshika mume wangu mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, hii lazima iende hewani." Alimwambia yeye, si mimi. Nalisema hilo kwa sababu mwenyewe alikuja kulisahau.

Wiki nzima mume wangu hakusema jambo lingine. Mtu ambaye maisha yake yote amesimulia kwa watu wanne na kelele za honi, anaambiwa atasikika mpaka mikoani. Alijipima suti mara tatu mbele ya kile kioo chenye ufa. Aliacha kunywa maji baridi asije akapata koo. Usiku nilikuwa namsikia ananong'ona maneno ya Sharifu kwenye mto.

Basi hapo kwenye korido ya Kagugu mtayarishaji akatokea, na mimi nikamnyooshea karatasi.

"Mwanangu, hapa umekosea mstari."

"Shikamoo mama. Wapi?"

"Marahaba. Hapa. Umebadilisha watu."

Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyezoea kuelewesha watu. "Hapana mama, ni makusudi. Sharifu ni mtu wa sheria. Msikilizaji lazima amheshimu tangu neno la kwanza. Mzee ana sauti nzito, ina mikwaruzo, jambazi kabisa. Na ile r na l yake..." Akasita kidogo. "Inaleta ladha."

"Ladha ya nini?"

"Ya mtu wa porini, mama. Unajua mambo ya redio."

Mambo ya redio siyajui. Najua mambo ya mtu kutazamwa kuanzia viatu kwenda juu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, mume wangu akaniwekea mkono gotini. "Haina shida, mama watoto," akasema. "Jambazi nayo iko kazi."

Nikanyamaza. Wanaonijua wanajua hiyo ni habari ya kutangazwa.

Wakafanya mazoezi. Sharifu ana maneno yake ya kufungulia kila hadithi, anayasema akiwa amesimama katikati ya barabara: "Hapa ni mahali pa sheria. Mwenye fujo apande farasi wake aondoke." Dukani kwetu watu huyasema kwa pamoja, hata motari, yule dereva wa pikipiki anayengoja abiria nje, huyasema bila kugeuza kichwa. Mtayarishaji aliyasema vizuri, nitakuwa mkweli. Kila herufi ilikaa kwenye kiti chake. Lakini aliyasema kama anasoma taarifa ya habari, na mimi nilikuwa namtazama mume wangu upande wa pili wa meza, ambaye midomo yake ilikuwa inacheza maneno yale yale bila sauti. Kisha ikafika zamu yake akasema ya jambazi, "Tutaonana, Sharifu," kwa adabu kabisa, na fundi mitambo nyuma ya kioo akamwonyesha kidole gumba.

Sasa lazima niseme la kwangu, maana nisiposema nitakuwa mwongo. Mume wangu hatofautishi r na l. Kinyarwanda chake ndicho kilichomlea, na ulimi ulishajikunja hivyo kabla hajakutana na mimi. Kura na kula kwake ni kitu kimoja. Wakati wa uchaguzi hutangaza kwamba ameenda kula. Sharifu peke yake ndiye hutoka salama kila mara, sijui kwa baraka gani. Na sisi kwetu, watu wa Kiswahili cha nyumbani, cha babu na bibi, tulikuwa na kiburi. Siku alipokuja kuniposa, alikuja na wenzake wawili, sebule imejaa, wakabaki wamesimama mlangoni. Baba mdogo akawaambia, "Karibuni, mbona mmesimama?" Na yeye, kijana wa watu, anatafuta kwa macho pa kukaa, akajibu, "Tunatafuta mahari."

Alitaka kusema mahali. Baba mdogo akasema, "Kumbe. Sisi tulidhani mmekuja nayo." Nyumba nzima ikaangua kicheko. Yeye naye akacheka, kwa adabu, kama inavyompasa mtu aliyekuja kuposa. Tangu siku hiyo kwetu aliitwa Bwana Mahari mpaka wazee wale wakaondoka duniani. Na mimi, mkewe, nimemsahihisha mbele ya wateja tangu tulipooana. "Mahali, baba watoto. Peleka ulimi juu." Nilikuwa nadhani namsaidia.

Niliporudi dukani siku ile sikukata kitambaa hata kimoja. Nilichukua daftari. Nikajiambia, sawa, mnataka jambazi aongee hivi, nitawapa jambazi. Nikaandika kipindi cha kwanza upya, kutoka mwanzo. Katika hicho kipindi kipya Sharifu mwenye Kiswahili safi anafunga kisima cha mji kwa kufuli, anasema ni amri, watoto wanakaa na kiu. Jambazi ndiye anayeshuka kutoka mlimani, anasalimia kila mtu, anavunja kufuli, anachota maji na kumpa kwanza bibi kizee. Nikampa jambazi maneno yote matamu. Sharifu nikamwachia amri na kukohoa. Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi, na nilikuwa nacheka peke yangu. Nilijiona mjanja kweli kweli. Kijana angeingia mwenyewe kwenye mtego, na angeingia kwa lafudhi nzuri.

Na aliingia. Nilimpelekea, akasoma amesimama, akasema, "Mama, hii ni kali kuliko ile." Hakuona kitu. Nilirudi Sonatubes nimekaa nyuma ya pikipiki na kofia ngumu ya kuazima imenikaa upande, na furaha yangu haikuwa na mfano.

Mume wangu alikuwa anapiga pasi kola za sare. Nikamsomea yote, kwa sauti, nikiigiza. Nilifika pale jambazi anapovunja kufuli, nikainua macho nione anavyocheka. Alikuwa ameweka pasi pembeni na anaitazama kola.

"Imependeza?" nikauliza.

"Umeandika vizuri."

"Sasa?"

"Mama watoto, mimi sitaki kuwa jambazi muzuri." Alisema polepole, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Nataka kuwa Sharifu."

Nikaanza kumweleza ujanja wenyewe, kwamba watu watampenda jambazi, kwamba Sharifu ataaibika. Akaninyooshea kiganja.

"Sharifu hana kosa. Kwa nini unamwaribia jina? Mimi ndiye nilimuleta hapa. Hakuna mutu aliuliza ulimi wangu iko namna gani." Akachukua pasi, akairudisha pale pale. "Na wewe pia ulinicheka. Siku ile kwenu. Ulikuwa nyuma ya pazia na mashangazi. Nilisikia sauti yako, ilikuwa juu kushinda ya wote."

Hajawahi kulisema hilo. Tumezaa, tumelea, tumezika wazazi wa pande zote mbili, hajawahi. Nilikuwa nimesimama na daftari mkononi, na ilikuwa kweli. Nilicheka mpaka nikauma ncha ya kanga. Nikamwambia, "Nisamehe." Akasema yalishapita. Mimi nikaona hayajapita hata kidogo, kama yangepita asingeikumbuka sauti ilivyokuwa juu. Nikazichana zile kurasa za kisima, mbele yake, nikamwambia kesho naenda Kagugu.

"Usigombane na mutoto wa watu," akasema.

"Nitagombana kidogo."

Asubuhi nilimkuta mtayarishaji anakunywa chai kwenye ngazi za studio. Sikukaa. Nilimwambia kipindi kipya kimekufa, tunarudi kwenye kile cha zamani, na Sharifu ni mume wangu. Akavuta pumzi. Alikuwa na adabu, sitamsingizia.

"Mama, wasikilizaji watacheka."

"Wacheke. Wakimaliza kucheka watasikiliza."

"Sharifu anafungua kipindi kwa kusema hapa ni mahali pa sheria. Mzee atasema mahari pa shelia. Kwenye kipindi cha kwanza, mama, sentensi ya kwanza."

"Ndivyo atakavyosema. Ndivyo anavyosema kila siku na watu wanaacha shughuli zao. Wewe mwenyewe ulisimama na koti nusu mwilini. Siku ile ulisikia mahari au ulisikia Sharifu?"

Akatazama chai yake. Akasema kuna wakubwa juu yake, kwamba Kiswahili ni lugha rasmi sasa na redio inapaswa kutoa mfano. Hapo hasira ilinijia, lakini ilinijia baridi. Nikamwambia mimi Kiswahili nimezaliwa nacho, nimekilalia na kuamkia, sihitaji kufundishwa na mtu yeyote ni cha nani. Katika mji huu Kiswahili kimebebwa na watu wa kuuza, wa kushona na wa kuendesha pikipiki, wakati ofisi zenu zilikuwa hazikitaki hata mlangoni. Wamekibeba na r zao na l zao. Leo kimepata kiti, mnawaambia waliokibeba wacheze jambazi. Kama Sharifu hawezi kuongea kama sisi, basi na hadithi isiongee. Nirudishie karatasi zangu.

Nilinyoosha mkono.

Hakunipa karatasi. Akasema, "Mara moja. Namrekodi mzee mara moja, kama Sharifu, watu wote wa studio wakiwa wanasikiliza. Mtu mmoja akicheka, mama, mmoja tu, tunarudi kwenye mpango wangu na hugombani tena."

Nikakubali. Nilijilaumu kwa hilo njia nzima, maana nilikuwa nimemwekea mume wangu kiti chake cha ndoto juu ya kicheko cha mtu mwingine. Nyumbani nilimweleza sharti lenyewe bila kuficha. Akasema, "Sawa," akaenda kutafuta soksi.

Siku ya kurekodi ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mafundi wenzetu walikuja na cherehani ya miguu imefungwa nyuma ya pikapu ya kuazima, wakaiweka kwenye kona ya studio. Mtayarishaji alikaa upande wa jambazi. Fundi mitambo alikuwa nyuma ya kioo, kijana mwenye uso wa kucheka hata akiwa amelala. Nilimtazama nikaona kazi ipo. Mimi nilisimama ukutani, mgongo kwenye godoro, nimebana mikono kwapani.

Taa nyekundu ikawaka. Farasi akaja kutoka mbali, akakaribia, akasimama. Upepo. Viatu. Mume wangu akasogeza uso kwenye maikrofoni, akaanza.

"Hapa ni mahari pa shelia."

Ilitoka hivyo hasa, herufi kwa herufi. Na fundi mitambo akacheka. Hakukusudia, nilimwona, kicheko kilimponyoka puani, kisha akajaribu kukizuia na kikazidi, kikatoka chote, na kwa kuwa kitufe chake kilikuwa wazi kikaingia studio kupitia spika na kutujaa masikioni. Mtayarishaji akafumba macho. Nikafikiria suti ile, na maji baridi aliyojinyima, na pazia la nyumbani kwetu.

Mume wangu hakukatisha. Aliinua kichwa taratibu, akamtazama yule kijana kupitia kioo, na sauti aliyoitoa haikuwa ya fundi wa Sonatubes.

"Wewe kule," akasema. "Maliza kucheka. Sharifu iko na wakati."

Mafundi wenzetu hawakugusa cherehani. Sekunde zikaenda, nyingi kuliko redio inavyoruhusu, na yeye anangoja kweli, hana haraka, hana hasira, amesimama kwenye barabara yake. Kicheko cha yule kijana kikapungua, kikawa kikohozi, kikaisha.

"Umemaliza?"

Kijana akatikisa kichwa kukubali.

"Basi weka mikono juu ya meza."

Na fundi mitambo, mtu wa mshahara, aliyejua vizuri kwamba huu ni mchezo na kwamba mbele yake yuko mzee wa cherehani, akaweka mikono yake miwili juu ya meza. Mume wangu akaitazama ile mikono, akarudi kwenye maikrofoni, akamalizia, "Mwenye fujo apande falasi yake aondoke." Kisha akamgeukia jambazi, na mtayarishaji wetu, mwenye Kiswahili kisichokwama, akakwama. Ilibidi mume wangu amuulize habari za mama yake mara mbili ndipo ajibu.

Taa ilipozima wa kwanza kusema nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ni mimi. "Alicheka mtu mmoja, mwanangu. Sharti lilikuwa lako, amua."

Akachukua kalamu, akachukua ile karatasi yake ya kwanza, akakata jina lake kando ya Sharifu na kuliandika kando ya jambazi. Alipomaliza aliinama kwa mume wangu, akasema, "Shikamoo mzee," ingawa walikuwa wameshasalimiana tangu asubuhi.

Kisha akasema jambo moja la mwisho, na nadhani alikuwa anataka kumstiri. Alisema wanaweza kurudia ile sentensi ya mwanzo, na kukata kicheko, isijulikane kama kilikuwepo. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anavua koti, analikunja, ametoka jasho mgongo mzima.

"Hakuna kukata," akasema.

Kipindi kikaenda hewani hivyo. Kituo kizima cha pikipiki Sonatubes kilikuwa kimejaa mlangoni kwetu, redio juu ya meza ya kukatia, na wote wakasikia kicheko, kisha wakasikia kilivyokoma.